Kutoka daftari la harambee hadi simu ya mkononi: nani anaishuhudia familia?



Leo tuweke kando habari za programu mpya na simu mpya, tuongee historia kidogo. Historia yenyewe ni ya mchango: safari ya shilingi mia moja kutoka mfukoni mwa mtu asiyekufahamu hadi mikononi mwa familia yako, siku ambayo unga umeisha na mwenye nyumba amebisha hodi. Sisi tunaotengeneza programu hupenda kusema kwamba tatizo la safari hiyo lilikuwa umbali, na kwamba simu ililimaliza. Lakini nikiipanga miaka mmoja baada ya mwingine naona umbali ulikuwa nusu ya tatizo tu. Nusu ya pili ni shahidi: nani atasema kwamba familia hii ipo, kwamba shida yake ni ya kweli, na kwamba pesa zimefika?

Ili tusielee hewani, tuifuate hadithi hii tukiwa tumesimama mahali pamoja: Kamere.

Familia ya mbali na kwao

Kamere iko upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, kaunti ya Nakuru, kando ya barabara ya Moi South Lake. Wanaishi hapo wafanyakazi wa mashamba ya maua na watu wanaotegemea samaki wa ziwa. Tangu miaka ya 1980 biashara ya maua imevuta maelfu ya watu kuja Naivasha kutoka Magharibi, Nyanza, Kisii, Kati na kwingineko. Ukimwuliza mkazi wa Kamere kwao ni wapi, mara nyingi atakutajia kijiji kilicho mbali sana na ziwa.

Chukua mfano huu (wa kubuni, lakini hauko mbali na ukweli). Mama wa watoto watatu anakata waridi kwa mkataba wa msimu na amepanga chumba kimoja. Mkataba unaisha, na wiki hiyo hiyo mtoto wa pili analazwa hospitalini. Kijijini kwao angekuwa na mzee wa ukoo, mwalimu au mchungaji aliyemjua tangu utotoni. Hapa mwenye nyumba anamjua kwa siku ya kodi. Majirani wanamjua vizuri, tena sana, lakini mifuko yao imetoboka siku moja na wake, kwa sababu wote walikuwa shamba moja.

Sasa linganisha na ua alilokata. Waridi likitoka shambani asubuhi linaingia chumba cha baridi, linafungwa, linapanda lori hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, kisha usiku linaruka kwenda Ulaya. Kila sanduku lina kibandiko kinachosema limetoka wapi, lini, na ni la nani. Ua lina kumbukumbu kila hatua. Familia iliyolikata haina. Basi historia ya michango ya mtandaoni ni historia ya watu kujaribu kuiandikia familia hiyo kibandiko, na kugombana juu ya nani ashike kalamu.

Harambee ilikuwa mfumo kamili

Kabla ya kompyuta tulikuwa na harambee. Jomo Kenyatta aliifanya kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, na neno hilo limo kwenye nembo ya Kenya hadi leo. Shule nyingi za vijijini zilijengwa hivyo, na watoto wengi walilipiwa karo na matibabu hivyo.

Itazame harambee kwa jicho la mtengenezaji programu. Kuna kadi zinazosambazwa wiki kadhaa kabla, kila kadi na mtu anayeijibia. Kuna siku moja ya kukutana. Jina la mtoaji linasomwa kwa sauti pamoja na kiasi chake, mweka hazina anaandika daftarini, na mwishoni jumla inatangazwa mbele ya wote. Familia inayochangiwa imekaa pale pale. Kila aliyehudhuria anarudi nyumbani na nakala ya hesabu kichwani! Watu wa hifadhidata wanajua gharama ya kupata nakala mia mbili zinazokubaliana.

Ilikuwa na kasoro zake. Ilitaka uwepo au utume mjumbe. Ilimpendelea mwenye ndugu wengi na mwenye sauti. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini wanasiasa waliifanya jukwaa la kuonyesha utajiri wenyewe, hadi Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 ikawawekea maafisa hao mipaka katika kuchangisha. Hata hivyo, swali la shahidi lilikuwa limejibiwa. Waliotoa waliijua familia, au walimjua anayeijua.

2005: picha kwenye tovuti

Mwaka 2005 Wamarekani wawili, Matt Flannery na Jessica Jackley, walianzisha Kiva. Mikopo ya kwanza ilikwenda kwa wafanyabiashara wadogo saba wa Tororo, Uganda, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Mtu akiwa Chicago aliona picha ya mama muuza samaki, akasoma maelezo mafupi, akatoa dola 25. Haikuwa sadaka bali mkopo usio na riba kwa upande wa mtoaji. Ila hisia ilikuwa ile ile: namsaidia huyu, kwa jina lake.

Shahidi hapa alikuwa nani? Afisa wa shirika la mikopo la eneo husika. Ndiye aliyepiga picha, akaandika kisa na kukipandisha kwenye tovuti. Jirani wa yule mama hakuulizwa, na mama mwenyewe pengine hakuwahi kuiona tovuti inayomtaja.

Oktoba 2009 mtafiti David Roodman alieleza hadharani jambo ambalo watoaji wengi hawakulijua: mara nyingi mkopo ulikuwa umeshatolewa na shirika la huko kabla picha haijawekwa mtandaoni. Dola zako zilikuwa zikijaza pengo la shirika hilo, hazikuwa zikimfikia yule mama wa kwenye picha. Hapakuwa na wizi, na Kiva ilibadilisha namna ya kujieleza. Lakini somo kwetu ni zito. Skrini ilionyesha mstari ulionyooka kutoka kwa mtoaji hadi kwa familia, ilhali njia ya pesa ilikuwa na kona nyingi. Muundo wa ukurasa ulikuwa umetoa ushahidi usio sahihi.

2007: fimbo ya mbali

Mwezi Oktoba 2005, wakati Kiva inaanza, jaribio jingine lilianza Kenya. Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, walijaribu mfumo wa kulipa mikopo ya Faulu kwa simu, Nairobi na Thika. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone walikuwa na mpango wao, lakini wateja walikuwa na wao: wakaanza kutumiana pesa. Safaricom ilipozindua M-Pesa Machi 2007, tangazo lilikuwa la kutuma pesa nyumbani, na habari za mikopo ziliwekwa pembeni.

Kiufundi, uzuri wake ulikuwa unyenyekevu. Menyu ilikaa kwenye laini yenyewe ya simu, kwa hiyo simu ya bei ya chini kabisa ilitosha na intaneti haikuhitajika. Hadi mwaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Fikiria hilo kidogo! Waridi la Naivasha lilikwenda Ulaya kwa ndege usiku kucha, na shilingi mia tano za mkata waridi zikienda kwa mama yake Kakamega zilipitia Ulaya pia, zikarudi kwa sekunde chache.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Tangu 2007 fimbo ya mbali iliweza. Lakini angalia: M-Pesa ya mwanzo ilihamisha pesa kati ya watu waliokwisha kujuana. Shahidi alikuwa damu. Mtoto anamtumia mama, hahitaji picha wala maelezo. Ada ya kutuma ilikuwa shilingi 30, kwa hiyo mchango wa shilingi 100 ulibeba gharama ya asilimia 30. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kilikuwa na tundu.

2008: mtihani wa kwanza

M-Pesa haikuwa imetimiza mwaka pale ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka. Mwishoni mwa Januari 2008 ziliikumba Naivasha vibaya. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na wafanyakazi wengi wa mashamba ya maua wakakimbilia kituo cha polisi na eneo la gereza. Watu wale wale waliokuja kutoka mbali kutafuta kazi wakajikuta hawana kwao huku wala njia ya kurudi kule. Sehemu mbalimbali za nchi waliokwama walitumiwa pesa na muda wa maongezi kwa simu, wakati barabara hazipitiki na maduka yamefungwa.

Mwezi huo huo wanablogu na watengenezaji programu, wakiwemo Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, walitengeneza tovuti iliyopokea taarifa za matukio kwa SMS na kuzionyesha kwenye ramani. Waliiita Ushahidi. Haikuwa tovuti ya michango, lakini jina lenyewe lilitaja kitu kilichokuwa kinakosekana. Pesa zilishapata njia. Neno la aliyeona kwa macho yake lilikuwa bado linaitafuta.

2011: njia mbili

Mwaka 2011 ukame ulipoikaba Turkana na maeneo mengine ya kaskazini, Wakenya walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya mwezi Julai. Wakfu wa Safaricom, benki ya KCB, vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya waliungana, lengo likiwa shilingi milioni 500. Lilipitwa. Michango ya simu haikwenda kwa namba ya mtu binafsi bali kwa akaunti ya shirika kupitia Paybill, na jumla ilitangazwa kwenye televisheni kama mweka hazina anavyotangaza harambee. Shahidi alikuwa taasisi inayojulikana. Familia, hata hivyo, ilipotea ndani ya idadi. Ulichangia watu wa kaskazini kwa ujumla, hukuichangia nyumba fulani.

Njia ya pili ilikuwa kinyume kabisa. GiveDirectly, iliyoanzishwa na wanauchumi waliokuwa wakisoma Marekani, ilianza kazi Siaya. Ilipokea michango mtandaoni kutoka dunia nzima na kuipeleka kwa familia maskini kwa M-Pesa, bila masharti: ukitaka nunua mabati, ukitaka lipa karo. Kigezo cha mwanzo cha kuchagua nyumba kilikuwa paa la nyasi. Maofisa walitembelea nyumba, wengine wakarudi kuhakiki, na picha za setilaiti zikajaribiwa katika kutafuta vijiji vyenye paa za nyasi. Uchunguzi uliofanywa Rarieda na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro ulionyesha kwamba familia zilizopokea zilikula vizuri zaidi na kumiliki mali zaidi, na matumizi ya pombe na sigara hayakupanda. Hilo liliwanyamazisha wengi waliodai kwamba maskini akipewa pesa taslimu atazilewa.

Kisha shirika lilipoingia Homa Bay, karibu nusu ya familia zilizochaguliwa zilikataa pesa! GiveDirectly yenyewe iliandika habari hiyo mwaka 2016. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba pesa hizo ni za shetani, kwani ni nani mwenye akili timamu atoe pesa nyingi kiasi hicho bila kutaka chochote?

Wapo waliocheka waliposoma hayo. Mimi naona familia zile ziliuliza swali la busara. Tumezoea kudai shahidi wa anayepokea: athibitishe umaskini wake, paa lake, watoto wake. Wao walidai shahidi wa anayetoa. Kwenye harambee pande zote mbili zilionana uso kwa uso. Kwenye mfumo mpya upande mmoja ulionekana hadi kutoka angani, na upande wa pili ulikuwa ujumbe wa SMS.

2015: kalamu ya mwandishi

M-Changa ilianzishwa Kenya mwaka 2012, na jina lake linajieleza: harambee ndani ya simu. Agosti 2015 ilipata siku yake kubwa. Mwandishi Jackson Biko aliandika kisa cha mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye uvimbe kwenye ubongo, ambaye familia yake haikuweza kumlipia upasuaji India. Ziliombwa shilingi milioni moja. Kwa siku chache zilipatikana zaidi ya milioni 5, nyingi zikiwa michango midogo ya watu wasiomfahamu. Kijana huyo alifariki mwaka 2017. Ugonjwa haukukubali kushindwa na ukarimu, lakini ukarimu ulikuwepo, na uliandikwa shilingi kwa shilingi.

Kwa nini ile ilifaulu? Teknolojia ilikuwa imekuwepo miaka kadhaa. Kilichoongezeka ni mashahidi wawili: mwandishi ambaye wasomaji wake walimwamini, na Faraja, shirika linalosaidia wagonjwa wa saratani, lililosimama nyuma ya kampeni.

Na hapo ndipo moyo wangu unaponiuma. Yule mama wa Kamere hana mwandishi maarufu. Shida yake si adimu. Kodi ya nyumba, bili ya hospitali na unga havitengenezi kichwa cha habari. Mtandao ukiachwa ujiendee wenyewe humpa shahidi mwenye kisa kitamu, na wenye shida za kila siku hubaki foleni.

2020: mtihani wa Naivasha

Machi 2020 soko la maua la Ulaya liliporomoka kwa sababu ya Korona. Waridi zilitupwa na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Mwaka huo huo Ziwa Naivasha lilifurika na kuwafukuza watu kwenye nyumba zao, hasa mtaa wa Kihoto, jambo lililojirudia mwaka 2025.

Mwezi huo huo wa Machi, Safaricom iliondoa ada ya kutuma hadi shilingi 1,000, na hali ikaendelea hivyo hadi mwisho wa mwaka. Ada ziliporudi Januari 2021, kutuma hadi shilingi 100 kulibaki bure. Linganisha na zile shilingi 30 za mwaka 2007: watu mia moja wakitoa shilingi 100 kila mmoja, wakati ule wangelipa ada ya shilingi 3,000 ili kufikisha 10,000. Sasa 10,000 zinafika zote. Tundu la kibaba limezibwa.

Na watu walitumia nini kuchanga? Kikundi cha WhatsApp. Unajua inavyokuwa: mtu anaandika orodha yenye namba, moja jina na kiasi, mbili jina na kiasi. Anayefuata anainakili yote, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Mweka hazina anajumlisha. Hakuna aliyetufundisha, wala hakuna kampuni iliyoibuni. Ni daftari la harambee limefufuka, na kila simu kikundini ina nakala.

Tujenge nini?

Matapeli nao wanaijua historia hii. Huchukua picha ya mtoto mgonjwa, hubadilisha namba ya simu na kuisambaza upya. Wanaweza kwa sababu picha ni shahidi anayeibika. Jirani haibiki.

Tangu mwaka 2017 Safaricom imetufungulia watengenezaji programu mlango wa kuunganisha mifumo yetu na M-Pesa, ukaitwa Daraja. Kuandika ukurasa wa kupokea mchango ni kazi ya siku mbili tatu. Kwa hiyo swali la kuhamisha pesa lisitusumbue tena. Kwenye jedwali lenu la michango, zaidi ya kiasi na tarehe, wekeni safu tatu. Ya kwanza: nani anaithibitisha familia hii, awe jirani, nesi, mwalimu au kiongozi wa chama, tena wawe wawili wasio wa nyumba moja. Ya pili: familia yenyewe imesema imepokea kiasi gani, lini. Ya tatu: picha na jina vitafutwa siku gani. Mtoto aliyechangiwa akiwa na miaka sita atatafuta kazi akiwa na ishirini na mbili, na hana haja mwajiri akutane na kitanda chake cha hospitali mtandaoni. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa data za mtoto, lakini hata bila sheria heshima ingetosha.

Naivasha ina mfano wa ushahidi wa karibu. Kwenye mashamba yenye cheti cha Fairtrade, mnunuzi huongeza asilimia 10 juu ya bei ya maua, na kamati iliyochaguliwa na wafanyakazi ndiyo huamua fedha zifanye nini. Haziwi badala ya mshahara mzuri, na mchango wowote ule hauwezi kuwa badala ya mshahara mzuri. Tuliseme hilo wazi. Lakini wanaoamua wanaijua njia ya kwenda msalani Kamere, wanajua nani hana chakula leo na nani anasingizia.

Mashahidi wapo, wadau. Wako ploti ile ile, mlango wa pili. Miaka yote hii tumewajengea watoaji kurasa nzuri za kutolea. Majirani hawa bado hawajapata pa kuweka neno lao.

Haya, kazi kwenu. Tukutane makala ijayo.